Gari Lisilo na Ndugu Njiani

Pasaka ya mwaka 1975, kampuni ya Lancia ya Italia ilileta Kenya, kwenye mashindano ya Safari Rally, gari lisilofanana na chochote kilichokuwa kikitembea kati ya Mombasa na Kampala. Lilikuwa fupi, pana na la chini, na viti vyake vilikuwa viwili tu. Umbo lake lilichorwa na Marcello Gandini wa karakana ya Bertone, mjini Torino. Injini yake ilitoka Ferrari: silinda 6, lita 2.4, ile ile ya Ferrari Dino, imewekwa kwa ubavu nyuma ya migongo ya dereva na mwelekezi wake. Liliitwa Stratos. Miezi michache kabla lilikuwa limeisaidia Lancia kutwaa ubingwa wa dunia wa rally wa 1974, na Januari ya 1975 lilikuwa limeshinda mashindano ya Monte Carlo. Miongoni mwa waliokabidhiwa usukani wa magari ya aina hiyo walikuwa madereva wawili wa daraja la juu kabisa, Mwitalia Sandro Munari na Mswidi Björn Waldegård. Wote wawili walifika mwisho. Munari alikuwa wa pili, Waldegård wa tatu.

Aliyewashinda ni Ove Andersson, Mswidi mwingine, akiendesha Peugeot 504.

Wazee wetu wanaijua 504. Ndiyo iliyobeba abiria kutoka Nairobi kwenda Kisumu, wamebanana na mizigo juu ya paa. Ndiyo iliyobeba maharusi Jumamosi na wagonjwa usiku wa manane. Kila mji wenye kituo cha petroli ulikuwa na mtu aliyewahi kufungua injini yake, na kama spea haikupatikana dukani ilipatikana kwenye 504 nyingine iliyokufa nyuma ya gereji. Gari la namna hiyo ndilo lililoitangulia injini ya Ferrari.

Nakisimulia kisa hiki kwa ajili ya vijana wanaoanza kupata pesa, na kwa baadhi ya watu wazima ambao pesa zimewajia wakiwa na hamu ya muda mrefu. Swali wanaloulizana ni moja: nichukue gari la fahari lililotumika, lile ambalo kila mtu atageuka kulitazama, au nichukue gari la spoti la kawaida ambalo jirani naye anaweza kuwa nalo? Wengi huanza kulijibu kwa nguvu za farasi, kwa kasi ya mwisho na kwa sura. Mimi naomba lijibiwe kwa kuuliza jambo jingine kwanza: gari hili lina ndugu wangapi barabarani? Kwa ndugu nina maana ya magari mengine yanayotumia vipuri vile vile, mafundi waliokwisha kulifungua na kulifunga, maduka yanayoweka akiba ya breki na klachi zake, na madereva wanaozijua tabia zake likichoka. Historia ya Safari Rally inalijibu swali hilo kuliko maonyesho yoyote ya magari, maana pale makampuni yenye pesa zote za duniani yalikuja kupimwa kwenye barabara zetu wenyewe.

Mashindano hayo yalianza 1953 yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Ukikata kona kwa kasi ungeweza kukutana na basi, kundi la ng'ombe au lori lililoharibika katikati ya njia. Kufikia miaka ya 1970 njia ilizidi kilomita 5,000, mchana na usiku, kutoka vumbi la Taru hadi matope meusi ya nyanda za juu, yale yanayoshika gurudumu na kukataa kuliachia. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yalifika 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, na mara zote mbili walikuwa katika Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Yeye pia aliendesha 404.

Stratos halikuwa gari baya, na sitaki msomaji aondoke na wazo hilo. Lilitokana na gari la maonyesho ambalo Bertone walilionyesha Torino mwaka 1970, la chini kiasi cha sentimita 84 kutoka ardhini hadi paa. Inasimuliwa kuwa Nuccio Bertone alipolipeleka kiwandani Lancia alipita chini ya kizuizi cha lango bila walinzi kukiinua. Cesare Fiorio, mkuu wa mashindano wa Lancia, alitaka gari litakalobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya rally peke yake, na akalipata. Yalitengenezwa karibu 500 tu. Sehemu yote ya nyuma ilifunguka kwa pamoja ili mafundi waifikie injini haraka. Lancia ikawa bingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976, na Monte Carlo ikawa mali ya Munari miaka mitatu mfululizo.

Lakini tazama kipimo kimoja. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, Stratos lilikuwa na mita 2.18. Peugeot 504 ilikuwa na mita 2.74. Ufupi ule ndio uliolifanya Stratos ligeuke upesi kwenye kona za milima ya Ufaransa na Italia, ambako barabara ni nyembamba na mashindano yamekatwa vipande vifupi vifupi. Ufupi huo huo, kwenye barabara yenye mashimo na mikwaruzo ya maji kwa mamia ya kilomita, hulifanya gari lirukeruke na kumchosha dereva, na kila kinachomchosha dereva huishia kwenye shokamzoba na matairi. Sifa iliyolipatia ubingwa kwao ndiyo iliyokuwa mzigo kwetu. Mwenye kununua gari la ugenini alitazame hilo kwa makini, kwa sababu karibu kila sifa ya gari la fahari ina upande wa pili wa namna hiyo: uchini wake, wembamba wa matairi yake ubavuni, ugumu wa springi zake, joto la injini iliyofungiwa nyuma ya kiti.

Lancia walirudi 1976. Mwaka ule Mitsubishi Lancer 3 zilishika nafasi 3 za kwanza, na aliyeongoza ni Joginder Singh.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu Joginder Singh ni mwalimu wa somo hili kuliko mimi. Alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi kabla hajawa dereva wa kusifiwa. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo PV544, gari lenye umbo la kizamani hata kwa wakati ule, lililokuwa limekwisha kutumiwa na kiwanda kabla halijamfikia. Mwelekezi wake alikuwa ndugu yake Jaswant. Mwaka 1974 alichukua Colt Lancer 1600 GSR, gari dogo la milango miwili lenye injini ya silinda 4 ya lita 1.6, akaingia nalo kwenye mwaka wa mvua na matope. Wa pili nyuma yake alikuwa Waldegård katika Porsche 911. Mwaka 1976 akashinda tena na Lancer. Alianza Safari 22 na kumaliza 19. Mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye barabara hizi, anayejua kwa sikio kuwa bearing imeanza kulia, aliketi ndani ya gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua, na mara mbili akawaacha nyuma watu wenye magari makubwa. Sioni sababu ya kutafuta mfano mwingine, ila mifano imejaa.

Chukua Datsun 240Z. Hili lilikuwa gari la spoti kweli, wala si gari la familia lililopakwa rangi. Boneti ndefu, viti viwili, silinda 6 za lita 2.4, nguvu za farasi 151. Kwao Japani liliitwa Fairlady Z, na Marekani mwaka 1970 liliuzwa kwa takriban dola 3,500, bei ambayo mwalimu au karani angeweza kuifikiria. Edgar Herrmann alishinda Safari kwa 240Z mwaka 1971, na wa pili wake, Shekhar Mehta, alikuwa katika 240Z vile vile. Mehta akashinda na gari la aina hiyo mwaka 1973.

Siri yake ilikuwa chini ya boneti. Mwaka 1970 Herrmann alikuwa ameshinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la milango minne. Injini ya 1600 ile ilikuwa na silinda 4 zenye upana wa milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7. Injini ya 240Z ilikuwa na silinda 6 zenye upana wa milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7. Yaani wahandisi wa Datsun walichukua injini waliyoijua, waliyokwisha kuiona ikiteseka, wakaiongezea silinda mbili. Fundi aliyezoea Datsun ya teksi akifungua 240Z alikuta mambo anayoyatambua. Gari la spoti lilizaliwa likiwa na ukoo mzima tayari. Ukilinganisha na Stratos, ambalo moyo wake ulikuwa wa Ferrari, mwili wake wa Bertone na jina lake la Lancia, unaona tofauti: 240Z lilikuwa na ndugu kila mahali, na Stratos halikuwa nao hata nje ya lango la kiwanda chake.

Na kuna mtu mmoja aliyekaa ndani ya yote mawili. Lofty Drews alikuwa mwelekezi wa Mehta mwaka 1973 walipopata ushindi na 240Z. Mwaka 1975 alikuwa mwelekezi wa Munari ndani ya Stratos, wakawa wa pili.

Shahidi mkubwa zaidi ni Waldegård, kwa sababu yeye alibaki yule yule na magari ndiyo yaliyobadilika. Mwaka 1974 yuko ndani ya Porsche 911, anakuwa wa pili. Mwaka 1975 yuko ndani ya Stratos, anakuwa wa tatu. Mwaka 1977 anaingia kwenye Ford Escort, jina ambalo Uingereza lilikuwa la gari la kila mtaa, na anashinda. Munari siku hiyo ni wa tatu na Stratos. Mwaka 1978 anarudi kwenye Porsche, anakuwa wa nne. Kisha Toyota wanampa Celica, na anashinda 1984, anashinda 1986, anashinda tena 1990. Alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rally, mwaka 1979, hivyo hakuna anayeweza kusema alikosa ujuzi alipokuwa kwenye Porsche au Stratos. Kipaji kilikuwa kile kile, barabara zile zile, vumbi lile lile.

Mercedes-Benz nao walijaribu. Mwaka 1979 walileta 450 SLC, gari la fahari lenye injini ya V8 ya lita 5, na Hannu Mikkola akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa Mehta na Datsun ya silinda 4. Mehta aliendelea kushinda na Datsun hadi 1982, miaka minne mfululizo, na Mercedes wakaacha rally mwishoni mwa 1980.

Enzi ya magari ya daraja la Group B, kuanzia 1982 hadi 1986, ingefaa iandikiwe makala yake. Hapa inatosha kusema kuwa Audi Quattro na Peugeot 205 Turbo 16 zilikuwa zikitawala Ulaya kwa nguvu za kutisha na magurudumu manne yanayosukuma, na hakuna hata moja kati yake iliyoshinda Safari. Iliyoshinda 1984, 1985 na 1986 ni Toyota Celica Twin Cam Turbo, yenye injini mbele, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na ekseli ya nyuma ya kizamani. Celica hiyo iliingia pia katika mashindano ya Côte d'Ivoire mara tatu, ikashinda mara tatu. Na timu iliyoiandaa huko Cologne, Ujerumani, ilikuwa ikiongozwa na nani? Ove Andersson, yule yule wa Peugeot 504. Alilipata somo lake mwaka 1975 na hakulisahau.

Waliobaki walilipata baadaye. Audi walishinda Safari mara moja tu, 1987, walipoacha gari lao la milango miwili na kuleta Audi 200, gari la mkurugenzi, refu, zito, la milango minne. Mikkola aliliendesha, na mwelekezi wake alikuwa Arne Hertz, ambaye mwaka 1975 alikuwa kwenye kiti cha pili ndani ya 504 ya Andersson. Lancia wenyewe, wenye Stratos, walisubiri hadi 1988 ndipo wakapata ushindi wao wa kwanza wa Safari. Waliupata kwa Miki Biasion akiendesha Delta Integrale. Delta lilikuwa gari la familia la milango mitano, la kupeleka watoto shule na kubeba mboga za sokoni.

Tusidanganyane, hata hivyo. Hakuna kati ya magari haya ya kiwanda lililoshinda likiwa kama lilivyotoka dukani. Celica ile ilikuwa na nguvu ambazo Celica ya mitaani haikuziota. Escort ya Waldegård ilifumuliwa na kushonwa upya. Lancer na Datsun ziliongezewa ngao chini ya injini, springi, matangi na taa. Kilichobaki cha kawaida ni mifupa: mpangilio wa injini na ekseli uliojulikana, sehemu zilizokwisha kuvunjika mara nyingi mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba tiba yake ilikuwa imepatikana. Gari la kawaida limefanyiwa majaribio na maelfu ya watu wasiojua kuwa wanalijaribu. Gari la fahari lililotengenezwa kwa mamia linakungoja wewe ulijaribu.

Sasa turudi kwa mnunuzi wetu.

Lancia walipokuja Kenya na Stratos walikuja na mafundi wao, vipuri vyao na madereva bora duniani, na bado hawakushinda. Wewe unakuja na nini? Una fundi mmoja chini ya mwembe, mkopo wa SACCO, na barabara ya mtaani kwako yenye matuta ambayo hayakujengwa kwa kipimo chochote. Sisemi haya kumdharau fundi wa mwembeni; namheshimu, na mara nyingi amewaokoa watu ambao gereji kubwa zimewakatia tamaa. Lakini hawezi kulijua gari ambalo hajapata kuliona, na si haki kumpa gari hilo kisha kumlaumu.

Fikiria Ferrari F355, mojawapo ya magari mazuri kuliko yote yaliyotengenezwa miaka ya 1990. Ina V8 ya lita 3.5, vali 5 kwa kila silinda, nguvu za farasi 380. Injini yake ina mikanda ya majira inayotakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka michache, uwe umeliendesha gari au limelala chini ya turubai, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umekaa. Kwa utaratibu wa kiwanda, ili kuibadilisha unashusha injini nzima kutoka ndani ya gari. Mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni. Sasa msomaji ajiulize ni gereji ngapi anazozijua, katika mji anaoishi, ambazo zimewahi kushusha injini ile na kuirudisha mahali pake.

Wengi huvutwa na bei. Magari mengi ya fahari hushuka thamani upesi, na siku moja kijana anaona tangazo la gari lililokuwa na thamani ya nyumba likiuzwa kwa bei ya Land Cruiser iliyotumika. Anadhani amelipata kwa bei nafuu. Bei ya gari huzeeka. Bei ya vipuri vyake haizeeki. Klachi, diski za breki, tairi za nyuma, kompyuta ya giaboksi, vyote vinauzwa kwa bei za siku gari lilipokuwa jipya, na juu yake uongeze usafiri, ushuru na miezi ya kungoja. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Ukishalipa pesa zote mlangoni hubaki na za kukaa ndani.

Tena kuna sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka 8, na magari yenye usukani wa kushoto kwa kawaida hayasajiliwi, kwa hiyo zile bei za Dubai ambazo ndugu zetu wa Ghuba hututumia kwa picha mara nyingi hazitufai. Tanzania huruhusu magari ya umri mkubwa zaidi, lakini kodi nayo hupanda kwa uchakavu. Kikomo cha kasi kwa gari dogo Kenya, hata kwenye barabara kuu ya njia mbili mbili, ni kilomita 110 kwa saa. Gari la kwenda 300 litaishi maisha yake yote likiwa limefungwa kamba.

Linganisha na Toyota 86, iliyotolewa 2012 na Toyota kwa kushirikiana na Subaru. Ni gari la spoti kwa haki yake: magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito uko chini, nguvu za farasi zipatazo 200. Injini yake ni ya Subaru, yenye silinda 4 zilizolala, na Nairobi mafundi wa Subaru ni wengi. Ilipotoka, matairi yake yalikuwa ya saizi na aina iliyotumika pia kwenye Toyota Prius. Wapo waliolicheka kwa sababu hiyo. Mimi naona wahandisi wake walifanya jambo la busara sana: tairi lisiloshika kwa ukali mno humwezesha dereva wa kawaida kuhisi gari likianza kuteleza akiwa bado kwenye kasi ya kibinadamu, na likipata pancha siku ya Jumapili, tairi jingine linapatikana. Raha ya kuendesha imo humo, katika mwendo ambao sheria, barabara na mfuko vinauruhusu. Mazda Roadster inatoa raha ya aina hiyo tangu 1989, na ndiyo maana yameuzwa zaidi ya milioni moja.

Najua wapo watakaosema: lakini mimi nalipenda lile jingine, nimelipenda tangu utotoni, picha yake ilikuwa ukutani kwangu. Mapenzi hayo siyabezi. Mtu mwenye uwezo wa kweli, mwenye gari jingine la kazini, aliyetenga pesa za matengenezo pembeni kabla hajagusa za ununuzi, na aliyempata fundi kabla hajalipata gari, huyo anajua anachokifanya na namtakia heri. Ugeni wa gari nao si wa milele. Porsche 911, ambayo haikuwahi kushinda Safari katika miaka ile yote, imekwisha kupata watu wanaoijua hadi mshipa wa mwisho, baada ya miongo ya kuvunjika na kutengenezwa kwenye barabara za Afrika Mashariki. Mwaka 2011, katika mashindano ya East African Safari Classic, Waldegård alirudi akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi, wakaendesha 911 ya zamani iliyojengwa upya kwa kazi hiyo, na wakashinda. Gari lilihitaji miaka zaidi ya 30 kupata ndugu. Mtu wa kawaida mwenye mkopo wa miezi 48 hana muda huo.

Basi, ndugu yangu, kabla hujatuma pesa kwa mwenye gari, fanya kazi ya siku moja. Nenda kwenye gereji unayoiamini, mwonyeshe fundi jina na mwaka wa gari unalolitamani, na umuulize ni lini mara ya mwisho alilifungua. Nenda duka la spea, uliza bei ya klachi na ya tairi moja la nyuma, na uliza kama vipo rafuni au vinaagizwa. Mpigie wakala wa bima uulize kama atalikatia bima kubwa na kwa kiasi gani. Andika majibu yote kwenye karatasi moja. Ukirudi nyumbani karatasi ikiwa tupu, nunua lile gari la spoti ambalo fundi alicheka kwa furaha aliposikia jina lake, na ziada ya pesa iweke benki.